Sauti ya Mama Imeajiriwa Ulinzi

Mkomani, Amu
14 Septemba 2025

Mdogo wangu Shifaa,

"Wimbo usiojulikana mtungaji ni mali ya kila mtu, na mali ya kila mtu haiibiki." Maneno haya si yangu, Mungu aniepushe. Ni ya Badawi, huyu anayetaka kiti cha wadi yetu mwaka 2027. Aliyasema juzi barazani mbele ya watu wazima, nao wakaitikia kwa vichwa kana kwamba wamesomewa hadithi sahihi. Nitayajibu hapa chini. Kwanza salamu, usije ukasema kaka yako ameacha adabu kwa sababu ya hasira.

Assalamu alaikum. Sisi wazima. Binti yangu Mwana amejifungua salama, mtoto wa kike, na amemwita Mardhiya. Ana nywele tele na sauti ya mwadhini. Mfereji unatoa maji siku unazotaka wenyewe. Mama anakusalimu na anauliza kama Abdulwahid bado anavuta sigara. Nimemjibu kwamba mume wa mtu si kazi yangu.

Sasa jambo lenyewe. Pale gatini wameweka skrini kubwa ya matangazo. Alhamisi nilikuwa nateremka kupokea mzigo wa karatasi, nikaona picha ya ua wa seng'enge, alfajiri, mwanamume mwenye bunduki amesimama kama nguzo. Nyuma ya picha mwanamke anaimba, polepole, bila ala yoyote: "Lala mwana lala, mwango umefungwa." Kisha lango la chuma linafungwa, na maandishi ya kampuni ya ulinzi: Ngao ya Pwani. Lala, tuko macho.

Nilisimama, mkokoteni ukanigonga visigino. Ile ni sauti ya mama yetu. Mara ya mwisho kuisikia ikiimba nilikuwa sijatahiriwa. Tangu nilipotolewa upande wa wanawake sijaisikia tena, wala marehemu baba hakuwahi kuisikia nje ya chumba chake. Ninayaandika haya kwa urefu kwa sababu nyinyi mawakili hamjui jambo mpaka liandikwe: katika nyumba yetu mama akiimba, sauti haivuki ukumbi. Harusini wanawake hukusanya simu kapuni mlangoni kabla ya wimbo wa kwanza. Na sasa sauti ile ile inawaimbia mabaharia, makuli, polisi na watalii wa Shela wanaosubiri boti.

Ilifikaje huko? Unamkumbuka Valary, yule mtafiti aliyekuja kurekodi nyimbo za kubembeleza watoto. Alikaa chumbani na kina mama, akala nao, wakampenda. Mama alimwambia, "Wausikize wanawake tu." Akakubali. Halafu akatoa karatasi, mama akaweka kidole. Karatasi ikaenda kwenye hifadhi ya chuo, hifadhi ikatoa leseni kwa watengenezaji wa matangazo, nao wakaiuzia Ngao ya Pwani. Nimewauliza wote kwa simu. Kila mmoja ana karatasi safi. Sijawahi kuona wizi wenye nidhamu kama huu.

Na jibu la Badawi ndilo hili: kama wimbo ni wa kila mtu, mbona chini ya tangazo pameandikwa kwamba haki zote zimehifadhiwa? Ulikuwa wa kila mtu ulipokuwa kwetu. Ulipofika kwao umekuwa wa mmoja. Hiyo ndiyo sheria yenu ya hakimiliki kwa ufupi: anayefika kwanza na wakili huweka ua, kisha humshitaki aliyekuwa akiishi ndani.

Niambie tunaanzia wapi. Na unijibu swali dogo: ofisi yenu hapo Nairobi humtetea nani katika mambo haya?

Kaka yako,
Twahir


Nairobi
5 Oktoba 2025

Kaka Twahir,

Wa alaikumu salaam. Hongera kwa mjukuu. Mpe Mwana pole na mkono wa uzazi. Nimetuma vitambaa na sabuni ya mtoto kwa basi. Abdulwahid ameacha sigara, sasa anatafuna karafuu na nyumba nzima inanuka pilau. Watoto wako kwenye mitihani.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiruka hotuba. Hili ndilo lililobaki.

Sheria inatazama mambo mawili. La kwanza ni wimbo. Kama mama ameutunga yeye, ni wake, na tunaweza kusimama. Kama ameupokea kwa waliomtangulia, basi ni wa jadi, na jadi nayo ina ulinzi wake, lakini ni lazima jamii ijitokeze kama jamii, iwe na watu wanaoisemea. La pili ni sauti. Hata wimbo ukiwa wa mbinguni, aliyeuimba ana haki juu ya uimbaji wake. Tatizo letu ni kidole chake. Ile karatasi inasema "kwa matumizi yote". Sharti la wanawake tu lilisemwa kwa mdomo.

Unaudhika kwamba sheria haikusikia kilichosemwa chumbani. Sheria haiwezi kukaa katika kila chumba, kaka, na ingekaa wewe ungekuwa wa kwanza kuandika makala ya kuitoa. Mkataba upo ili kesho mtu asiseme alisema. Umetudhuru safari hii. Lakini watu wangapi pale Amu wamedhulumiwa nyumba kwa sababu ya neno la mdomo?

Muulize mama kama wimbo ameutunga yeye. Muulize kwa uwazi, usimtilie jibu kinywani.

Halafu niambie: anajua? Na mtoto wa Mwana anabembelezwa na nani?

Wako,
Shifaa


Mkomani, Amu
25 Oktoba 2025

Shifaa,

Salamu nyingi na shukrani kwa vitambaa. Sabuni imefika ikiwa imekatwa kipande katikati. Walioikagua kwenye kizuizi cha barabarani walitaka kuhakikisha kwamba haiwezi kulipuka. Huo ndio usalama tunaoulipia kodi. Mardhiya ananenepa, mkunga amefurahi na uzito wake. Mama ni mzima. Anakula.

Nimemuuliza kuhusu wimbo. Akasema ameupokea kwa mama wa baba, naye aliupokea kwa mama yake, na maneno mawili matatu kila mmoja ameyageuza. Nikamwambia, "Mama, sema umeutunga wewe, na jambo litakuwa jepesi." Akanitazama vile anavyomtazama mtu aliyeingia ndani na viatu. "Mimi sitasema uwongo nipate kurudishiwa haki," akasema. Kwa hiyo mlango wa kwanza umefungwa, na aliyeufunga ni ukweli wake. Sheria yenu ingempenda zaidi kama angekuwa mwongo.

Mlango wa pili umefungwa na Badawi. Sikiliza kioja. Nilifanya kosa la kusema barazani kwamba jamii yaweza kusimama na kudai. Wiki haikwisha, Badawi akaunda kamati. Kamati ya Kuhifadhi Turathi ya Sauti za Amu. Mwenyekiti yeye, katibu shemeji yake. Walikutana mara moja, wakala biriani, wakaiandikia Ngao ya Pwani barua kwamba jamii imeridhia, tena inashukuru. Nilimkuta msikitini anatoka.

"Bwana Badawi, jamii imeridhia lini?"

"Ah, Mwalimu Twahir! Jumatano."

"Mimi si jamii?"

"Wewe ni upinzani."

"Na mama yangu?"

"Bi Alawiya ni fahari yetu. Sauti ya Amu inasikika dunia nzima. Wenzetu wa Mombasa wanatuonea kijicho, wewe unalia."

"Na mama yako, Bi mkubwa, tumwekee spika lini?"

Hapo ndipo fahari ilipokwisha. Alikunja kofia akaitia mfukoni na kusema kwamba mimi sina heshima, mama yake si mwimbaji. Watu wakacheka. Lakini walicheka tu, Shifaa. Hakuna aliyemwambia avunje kamati.

Hutaki hotuba, lakini hii utaisoma. Hawa Ngao ya Pwani hulinda nini? Hulinda mitambo ya ujenzi wa barabara huko bara, na kambi za watu wengine ng'ambo ya mpaka, kwa vijana wetu wanaopewa buti na siku chache za kuelekezwa risasi inatokea upande gani. Hufungiwa mkataba kwa kadiri ya hofu iliyopo. Hofu ikipungua, mkataba hupungua. Sisemi kwamba wao ndio wanaotega mabomu. Sina ushahidi na sihitaji. Nasema tu kwamba katika hesabu zao amani ni hasara. Vita vya zamani vilikuwa na mtu anayetaka kushinda. Hivi vina watu wanaotaka viendelee kwa utaratibu, vikaguliwe, vihuishwe kila mwaka. Na mwanasiasa ni dalali wa pande zote: anaomba kura kwa sababu hakuna usalama, kisha anamleta mwenye kuuza usalama, kisha anashukuru. Biashara ya namna hii inahitaji watu walale. Ndiyo maana wakaenda kutafuta wimbo wa kulaza mtoto. Hawakukosea kuchagua, nawapa hilo.

Yote haya nimeyaandika katika makala, na wanafunzi wangu wa zamani wameyaweka mtandaoni. Yamesomwa mpaka Kiunga.

Hukunijibu kuhusu ofisi yenu.

Twahir


Nairobi
3 Desemba 2025

Kaka,

Barua yako ya Oktoba imefika jana. Barabara ilifungwa baada ya lile shambulio la njiani, mabasi yakakaa Garsen yakisubiri msafara wa ulinzi. Najua utasema nini kuhusu hilo, kwa hiyo usiseme.

Sisi salama. Mwanangu Raiyan amepita mtihani. Abdulwahid amerudia sigara.

Umeniandikia kwamba mama anakula. Nilikuuliza mtoto anabembelezwa na nani, ukanijibu uzito. Nikampigia Mwana. Kaka, kwa nini nimejua kwa simu ya mtoto wako kwamba mama hajaimba tangu Septemba? Kwamba alienda harusi ya kina Hamid huko Wiyoni, wanawake wakamtania, "Bi Alawiya, leo bure au kwa leseni?", akaondoka kabla ya chakula, na hajatoka tena? Kwamba Mardhiya akilia usiku mama humpokea, humpakata, humtembeza ukumbini kimya, mpaka Mwana mwenyewe akaogopa ule ukimya? Umejaza kurasa kuhusu Badawi na vita vya dunia. Huyu mmoja umemwandikia neno moja: anakula.

Na makala yako. Nimeisoma. Imeandikwa vizuri, ina moto, na chini yake wanafunzi wako wameweka tangazo lenyewe ili wasomaji wahakikishe. Umefikiri? Skrini ya gatini ilimfikia anayesubiri boti. Wewe umemfikia aliye Doha. Raiyan ameletewa na mwenzake shuleni: "Huyu si bibi yako?" Waliokuwa hawajausikia wimbo huo wameusikia kwa sababu wewe umewaambia ni haramu kuusikia.

Sasa habari yenye faida. Nimempata Valary. Alilia, kisha akaacha kulia, akasema atasimama kutoa ushahidi kwamba sharti la wanawake tu lilisemwa na yeye akalikubali. Hiyo ni nguvu kubwa kuliko hotuba zako zote. Tunaweza kudai haki ya mwimbaji. Lakini itabidi ithibitishwe kwamba ile sauti ni ya mama, maana wao wanaweza kukana kwamba ni yake. Rekodi itachezwa mbele ya msuluhishi na mawakili. Huenda wakaomba aimbe kidogo ili walinganishe. Najua. Usinipigie kelele. Nakueleza njia ilivyo.

Shifaa


Mkomani, Amu
20 Desemba 2025

Shifaa,

Assalamu alaikum. Mtoto mzima. Mwana mzima. Kuhusu makala sina la kusema, isipokuwa kwamba lile tangazo limeondolewa chini yake siku hiyo hiyo niliyopata barua yako. Kuhusu mama, sikuandika kwa sababu kuna mambo ambayo yakiandikwa huwa ya kweli zaidi. Unielewe au usinielewe.

Wiki iliyopita mjumbe aliniletea bahasha ya khaki. Ngao ya Pwani inanitaka niiondoe makala yangu kwa sababu nimenukuu mstari wa wimbo, na mstari huo ni sehemu ya tangazo lao, na tangazo lao ni mali yao. Soma tena. Mimi, mtoto niliyelazwa kwa mstari huo, nimeambiwa na kampuni ya bunduki kwamba nimeuiba. Nilicheka mpaka Gharib akatoka katika duka lake la simu kutazama. Huyo Gharib, kwa taarifa yako, ameufanya wimbo huo mlio wa simu yake na huwauzia vijana. Nikamwambia aufute. Akasema, "Mwalimu, huo sasa ni wa umma." Kila mtu siku hizi amekuwa wakili.

Lakini sikucheka nilipotazama juu ya karatasi. Jina la ofisi lililoandikwa pale kwa wino wa buluu ni jina la ofisi yenu. Nilikuuliza Septemba. Nilikuuliza Oktoba. Ninakuuliza tena, na safari hii jibu ninalo mkononi, kwa hiyo haja yangu si jibu. Haja yangu ni kukusikia ukilisema.

Nimemweleza mama kuhusu ushahidi wa Valary. Alifurahi, akamwombea dua. Akauliza, "Sasa itakuwaje?" Nikamwambia tutadai kilichoibwa.

Akasema, "Twahir, kilichoibwa hurudi. Mkufu hurudi, nyumba hurudi. Mimi nimesikiwa. Masikio ya watu wayarudisha vipi?"

Nimesoma vitabu vingi kuhusu hakimiliki kuliko watu wote wa mtaa huu. Hakuna hata kimoja chenye ukurasa wa swali hilo. Vyote vinauliza nani mwenye mali, anastahili nini, kwa miaka mingapi. Vimeandikwa na watu wasioweza kufikiri kwamba kuna mtu ana kitu kizuri na hataki kitoke.

Twahir


Nairobi, South C
18 Januari 2026

Kaka Twahir,

Utaona anwani imebadilika. Hii ni ya nyumbani. Ofisi sina kwa sasa. Uliniuliza mara tatu. Jibu ni ndiyo, iliwatetea wao, na mimi nilikuwa ghorofa moja na faili lao. Nilijua lini, sitakuambia, wala usiniulize tukionana. Abdulwahid amechukua zamu za ziada. Watoto hawajui ila wanafurahi kunikuta nyumbani mchana.

Kwa kuwa nimetoka, siruhusiwi kueleza niliyoyaona ndani, na sitayaeleza. Kiapo changu hakikuwa kwa Ngao ya Pwani peke yao. Utaona ni unafiki. Kwangu mimi, kama nitalivunja neno nililotoa kwa sababu wao ni wabaya, basi karatasi na mdomo vyote havina maana.

Wakili mwingine, mwanamke, Bi Wairimu, amekubali kumsimamia mama bila malipo. Amezungumza nao. Kuna mambo mawili mezani.

La kwanza: wataondoa tangazo mara moja, watamlipa, na watamtaja. Mama ataweka saini kukiri kwamba ruhusa ilikuwepo tangu mwanzo. Wanataka pia picha yake, uso si lazima, mikono tu.

La pili: kikao mwezi wa Februari. Bi Wairimu anaamini tutashinda. Rekodi itachezwa, mama ataombwa kuimba mistari miwili. Bi Wairimu aliomba iwe mbele ya wanawake tu. Msuluhishi ni mwanamume na hawezi kutoka katika kikao chake mwenyewe. Wakili wa upande wa pili naye ana haki ya kusikia ushahidi. Na sauti itabaki katika faili.

Muulize yeye. Usimjibie. Usimshawishi. Ukiona unaanza sentensi kwa neno "historia", nyamaza.

Shifaa


Mkomani, Amu
12 Februari 2026

Shifaa, mdogo wangu,

Assalamu alaikum, na Ramadhani njema mapema. Nimepokea anwani yako mpya. Sitauliza kitu. Nimemwambia mama kwamba umeacha kazi, akataka kujua kama umeacha au umeachishwa. Nikasema umeacha. Akasema, "Basi mtumie samaki mkavu." Samaki huyo anakuja na basi la Jumapili.

Nilimuuliza kama ulivyotaka. Mwana alikuwepo, ni shahidi kwamba sikuhutubu. Nilianza na malipo na picha ya mikono. Mama akaitazama mikono yake, akaipeleka chini ya kanga, akasema, "La pili?"

Nikamweleza kikao.

"Huyo hakimu ni mwanamume?"

"Ndiyo, mama."

"Na wakili wao?"

"Mwanamume."

"Na watu wa kuandika?"

"Sijui. Labda."

"Kwa hiyo yeo mwataka niende mbele yao nikaimbe, wanisikize vyema, wapate kuamua kuwa haifai mimi kusikizwa."

Mwana alishindwa kujizuia, akacheka. Mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu mwaka jana, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nti hii ina ilimu," akasema. "Mwambie Bi Wairimu namshukuru. Sendi."

Nikamwambia, "Mama, tungeshinda."

"Nyinyi mungeshinda. Mimi ningekuwa nimeimba."

Basi. Nimemwandikia Bi Wairimu kwamba dai limekwisha. Usiniambie kwamba ningemsihi zaidi. Nilikuwa na hoja zote, nazo zilikaa mdomoni kama chakula cha mtu mwingine.

Sasa ujue kilichotokea baada ya hapo, ili usije ukadhani dunia ina mizani. Jumatatu tangazo limeondoka gatini. Hawakuona haya wala hawakuogopa kesi. Mkataba wao umehuishwa, wametengeneza jipya. Sasa kuna mtoto anakimbia ufukweni na mlinzi anatabasamu. Vita vimepata wimbo mwingine. Badawi ameunda kamati ya mchezo wa ufukweni. Kwa Ngao ya Pwani mama yetu hakuwahi kuwa adui wala mwenye haki. Alikuwa sauti ya msimu mmoja, na msimu umekwisha. Ningependelea wangemchukia.

Kwa hiyo wao nimeachana nao. Waliobaki na sauti ya mama si wao. Ni sisi. Nimehesabu nyuso barazani: hakuna simu niliyoiamini. Hata waliokasirika pamoja nami wameiweka, ili wawaonyeshe wengine kinachowakasirisha.

Mama amenipa kazi. Amesema nilijaza dunia maneno, sasa niandike machache, yasipite mtandaoni, yasitaje mstari hata mmoja wa wimbo. Nimeandika. Nakala moja itasomwa na Mwana kwenye vyumba vya wanawake, nyingine nitaisoma mimi msikitini baada ya Ijumaa, hapa kwetu, Langoni, Wiyoni na Shela, ikiwa watanipa nafasi. Hii yako, isome nyumbani kwako, kisha mpe Raiyan ampelekee yule mwenzake wa shule.

*

Kwa watu wa Amu, walio hapa na walio mbali.

Wengi wenu mna sauti ya Bi Alawiya katika simu zenu. Mmoja aliipata gatini, mwingine kwa rafiki, mwingine kwa makala yangu mimi Twahir. Wengine mnayo kwa sababu ni nzuri. Hakuna sheria inayowazuia kuwa nayo. Nimeitafuta, dada yangu ameitafuta kwa kujua kuliko mimi, haipo. Hakuna atakayewashitaki, na mkibaki nayo hatutajua.

Yeye aliimba kwa ajili ya watoto na wanawake waliokuwa chumbani. Nyinyi hamkuwamo. Hataki radhi zenu, maana mkija kumwomba radhi atajua kwamba mmesikia.

Gharib, wewe wa duka la simu, uondoe mlio huo, na uwaambie uliowauzia. Bwana Badawi, unayo kwenye video yako ya kampeni, ikate. Vijana wa Ngao ya Pwani mlioko kambini ng'ambo ya mpaka, nimeambiwa huusikiliza kabla ya zamu kwa sababu unawakumbusha nyumbani. Nyinyi ndio inaniwia vigumu kuwaambia. Nawaambia vilevile. Mama zenu wako hai. Rudini muwasikilize wao.

Na wewe uliyekaa nyuma hapo, uliyeinamisha kichwa, toa simu yako sasa. Ifute. Usiifungue kwanza ili uhakikishe kuwa ndiyo.